Ukimwondolea, Mrudishie

Mwanangu, daktari alikuambia mjukuu wangu ana mzio wa vitu viwili: maziwa ya ng'ombe na mayai. Nilipokuja kwenu Idi nikakuta vimefika saba. Samaki, dagaa, karanga, maharage na ngano navyo umevitoa, "kwa tahadhari tu, shangazi". Mtoto wa mwaka na nusu amebakiwa na wali mweupe, ndizi mbivu na chai ya rangi. Najua ulimwona alivyovimba uso siku ile, na hofu ya mzazi haina dawa ya dukani. Lakini mtoto hakui kwa alichokatazwa, anakua kwa alichokula. Kila unachomwondolea, siku hiyohiyo uwe na cha kukirudisha.

Chukua kadi ya kliniki uitazame. Usiridhike ukiambiwa kilo zimeongezeka. Omba wampime na urefu, maana kituo chenye foleni ndefu humtundika mtoto kwenye mzani wakamalizana naye. Na atakayekuambia "ukoo wenu wafupi" usimkubalie haraka. Ile mistari ya ukuaji ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2006 ilichorwa kwa kupima watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na waliolishwa na kutunzwa vizuri walirefuka karibu sawasawa kote. Hapa Tanzania utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na hapo hatujautaja mzio.

Sasa jikoni. Kunyonya aendelee, miaka miwili na zaidi kama anataka. Wewe mwenyewe usiache maziwa ila ikionekana anadhurika kupitia titi lako. Mama mkwe wako atasema ya mbuzi hayana neno. Mwitikie kwa adabu, ila usimpe mtoto. Protini zake zinafanana mno na za ng'ombe, na walio wengi kati ya wanaodhuriwa na ya ng'ombe hudhuriwa na ya mbuzi pia. Tui la nazi ni zuri kwa mafuta, lakini halishiki nafasi ya maziwa.

Kinachokaribia ni ulezi. Gramu 100 za ulezi zina kalsiamu kama miligramu 340, wakati maziwa kiasi hichohicho yana kama 120. Usifurahi upesi, kwani nafaka huing'ang'ania kalsiamu yake na mwili haupati yote. Ndiyo maana wazee waliloweka ulezi, wakauacha uchipue, wakauanika, ndipo wakasaga. Fanya hivyohivyo, uji uwe mzito, na kijiko cha mafuta juu yake.

Dagaa alikuwa akila bila tatizo, kwa nini umtoe? Mrudishe leo. Osha mchanga, kausha, twanga na mifupa yake, umchanganyie kwenye maharage yaliyopondwa. Maini mara moja kwa wiki, choroko, kunde: hivyo ndivyo vitakavyoziba pengo la yai.

Unga wa lishe wa pakiti achana nao kwanza. Ndani mna mahindi, soya, ngano, karanga, pengine na maziwa ya unga. Akiota mabaka utamshika nani? Kionjwe kitu kimoja kipya, pita siku mbili tatu, ndipo kingine. Na ukienda mashineni, uliza aliyetangulia alisaga nini, kwa sababu unga wa mwanzo hutoka na mabaki yake.

Karanga ni habari nyingine. Mwaka 2015 Gideon Lack na wenzake wa King's College London walitoa matokeo ya watoto 640 waliokuwa na pumu kali ya ngozi au mzio wa mayai. Walioanza kula karanga tangu uchanga walipata mzio wa karanga kwa uchache sana kuliko walioepushwa. Ulipungua kwa kama asilimia 80. Kwa hiyo kumficha karanga bila sababu si kumlinda. Ila wako ana mzio wa mayai tayari, basi aonjeshwe mara ya kwanza hospitali, iliyosagwa laini, si punje ya kumpalia. Na karatasi ya maabara peke yake isikutishe: damu inaweza kuonyesha dalili ya mzio wa chakula ambacho mtoto anakila salama kila siku.

Lakini akivimba midomo, akapumua kwa shida, akatapika mfululizo au akalegea, usingoje. Mlaze, au mkalishe kama pumzi inamsumbua, tafuta gari, na mlangoni sema "mzio" kwa sauti ili achomwe adrenalini pajani. Waambie na majirani, hasa wale wanaoamini kila sumu hukatwa kwa maziwa. Huyu wakimnywesha maziwa watammaliza.

Mzio wa maziwa na wa mayai huwaachia watoto wengi kabla au baada kidogo ya kuanza shule. Ukirudi kliniki muulize daktari lini atapimwa tena, na umwombe akuonyeshe mtaalamu wa lishe. Kujaribu kwafanyika hukohuko, usije ukamwonjesha mwenyewe nyumbani kwa sababu ya sherehe.