Je, Mwendo wa Motokaa Hufuta Deni la Njiani?

Njia itokayo Mombo kwenda Lushoto, yapata maili 20, yapanda milima ya Usambara kwa kona nyingi, genge upande huu na bonde upande ule, ikipitia Soni penye maporomoko ya maji. Tulipoipanda juzi kwa motokaa tulikumbuka safari za utotoni, tulipokwenda sokoni kwa miguu pamoja na mama zetu. Siku zile kila tuliyekutana naye alisalimiwa na kuulizwa habari za nyumbani. Tena aliyetua mzigo wa kuni hakuachwa mpaka ametwikwa, maana peke yake hawezi. Leo mama wa namna hiyo huonwa dirishani, na kabla neno halijatamkwa amekwisha fichwa na kona.

Je, deni lile limefutwa? Wengine husema dereva hawezi kusimama kwa kila mtu. Ni kweli, na kusimama penye kona ni kuhatarisha roho za watu. Lakini, wasomaji, sisi twaona deni lile halikutokana na miguu yetu, bali na kumwona aliyelemewa. Naye aliye garini huona wengi zaidi. Tena njia ile ina mahali papana, ambapo madereva husimama abiria wanunue matunda. Kumtwika mtu hakuchukui muda kuliko kuchagua matunda.