Tunawahesabu Ili Iweje?

Mwaka 1989 England na Wales zilianza daftari la kila mimba na kila mtoto aliyepimwa akakutwa na hali ya Down, yaani kuwa na kromosomu tatu za namba 21 badala ya mbili. Mwaka 1989/90 yaliandikwa matukio 1,075. Watoto 752 walizaliwa hai. Kufikia 2007/08 matukio yalikuwa 1,843, lakini waliozaliwa hai walikuwa 743.

Ukitazama waliozaliwa tu, utasema hakuna kilichobadilika. Kumbe! Wanawake wanazaa wakiwa na umri mkubwa zaidi, na umri huongeza uwezekano wa hali hii. Vipimo navyo vimeenea, na wengi wakishapata majibu huamua kutoa mimba. Jambo moja linapandisha idadi, jingine linaishusha.

Sasa, tunahesabu ili iweje? Anayepanga madarasa na kliniki za moyo anaihitaji idadi hiyo, maana karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo. Bila hesabu, mtoto atafika na hakuna aliyejiandaa kumpokea. Lakini daftari lilelile laweza kusomwa na mtu anayefurahi idadi ikishuka. Kwake yeye, kila anayezaliwa ni kipimo kilichoshindwa.

Sina ugomvi na mama aliyeamua. Uamuzi ni mzito na ni wake. Ugomvi wangu ni na hesabu iliyogeuzwa shabaha. Kati ya wale 743, kila aliyetimiza umri wa shule alihitaji dawati na mwalimu anayemjua kwa jina.