Mashine Kuukuu, na Nani Aitangaze Kuwa Imekufa

Katika ofisi ya shule moja mjini Kibondo tuliiona kompyuta ya mezani, nzito, yenye kisanduku cha chuma, ya namna ile ambayo makampuni ya Ulaya huwanunulia wahasibu na wahandisi wao, kisha huiuza baada ya miaka michache, nayo ikapita Dar es Salaam hata ikafika mikononi mwetu. Umri wake wapata miaka kumi na mitatu. Juu yake ilibandikwa karatasi yenye neno moja: IMEKUFA. Tulipouliza imekufa kwa ugonjwa gani, karani alitujibu kwa adabu kwamba haiumwi sana; ila wenye programu yake wametangaza kwamba hawataihudumia tena.

Wasomaji wetu wengi wanalijua jambo hilo. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa njia ya kawaida. Windows 11, iliyotolewa mwaka 2021, haikubali rasmi kuwekwa katika mashine isiyo na chombo cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa mashine zenye prosesa za Intel, karibu zote zilizotangulia kizazi cha nane, kilichotokea mwaka 2017, zimeachwa nje. Basi mashine nyingi mno zililala zikiwa nzima, zikaamka zikiitwa takataka.

Aliyetengeneza kitu ana haki ya kuchoka. Hakuna sheria ya haki inayomfunga muuzaji aitumikie milele bidhaa aliyoiuza mara moja, nasi hatumlaumu kwa hilo. Lakini kusema “mimi nimeacha kuihudumia” ni neno moja, na kusema “imekufa” ni neno jingine kabisa. La kwanza ni habari ya muuzaji; la pili ni habari ya chombo. Wazee walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakutaja habari ya mtu aliyekuuzia ukuta, kisha akakuambia kwamba tangu kesho udongo wa kuzibia ufa hautapatikana tena.

Watu wa Kasulu wakishuka Kigoma wana mfano wao wa karibu. Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikavunjwa vipande, ikaletwa kwa makasha, ikaunganishwa upya Kigoma na kushushwa ziwani mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwezi wa Julai 1916 Wajerumani, walipoona hawataweza kuushika mji, waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa Malagarasi, mto uleule unaopokea maji ya vilima vyetu. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nene. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua, wakaikuta mitambo ingali yafaa, na mwaka 1927 ikaanza safari tena kwa jina la Liemba. Katika miaka ya 1970 mitambo ya mvuke ilitolewa, ikatiwa ya dizeli. Wagiriki wa kale wangeuliza kama meli iliyobadilishwa viungo hivyo ni meli ileile, maana walibishana sana juu ya meli ya Theseus. Abiria waliopanda na magunia yao ya dagaa hawakuuliza. Nasi linalotugusa zaidi ni ile grisi. Mafundi wale yamkini walitumaini kuiinua meli kwa mikono yao wenyewe. Haikuwa hivyo, na waliofaidi kazi yao ni watu wasiowajua, tena adui zao.

Turudi Kibondo. Fundi aliyeitwa aliifungua mashine mbele yetu, na nusu ya maradhi ilionekana mara moja: vumbi jekundu la barabarani lilikuwa limejaa kama blanketi juu ya feni na mapezi ya kupozea joto. Alilipulizia nje, huku amezuia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke kwa nguvu ya upepo yakaharibika. Akaifuta ile dawa nyeupe iliyo kati ya prosesa na kipozeo chake, iliyokauka kama chokaa, akapaka mpya, kiasi cha punje ya kunde. Akatoa betri ndogo ya mviringo, CR2032, iliyo kama sarafu. Kwa sababu ya betri hiyo tu saa ya mashine ilirudi nyuma miaka mingi kila umeme ulipokatika, na karani alikuwa amekwisha kutoa barua zenye tarehe za kuchekesha. Diski ya zamani, ile inayozunguka, aliitoa akaweka ya SSD, isiyo na kiungo kinachotembea. RAM akaiongeza kutoka gigabaiti 4 hadi 8. Kisanduku cha umeme alikiacha kama kilivyo, kwa kuwa kilikuwa kizima, na vizibo vyake si vya kawaida, hata kupata kingine cha aina yake ni safari. Gharama yote ilikuwa sehemu ndogo tu ya bei ya mashine mpya. Ila alisema wazi kwamba mashine isiyo na UPS yeye haihesabu kuwa imepona. Kwa miaka mingi miji ya Kibondo na Kasulu iliwashwa kwa majenereta ya dizeli, hata gridi ya taifa ilipofika mwaka 2022. Na radi za masika hazijali umeme umetoka wapi.

Je, ndiyo kusema kila kikuukuu kitunzwe? La, hasha. Ubahili mara nyingi hujiita uwekevu. Mkuu wa ofisi akiokoa fedha, na karani akailipa tofauti hiyo kwa saa nzima ya kungoja kila asubuhi, hapo hakuna kilichookolewa. Mzigo umehamishwa tu kutoka bega moja hadi jingine, tena bega lisiloweza kukataa. Na mashine yenye programu isiyorekebishwa, iliyounganishwa na intaneti, ikiwa imebeba habari za wagonjwa au za watoto wa watu, ni mlango usio na komeo katika nyumba isiyo yako. Fundi wetu aliweka Linux, inayopatikana bure na ambayo ingali yatunzwa. Programu moja ya hesabu waliyoizoea haikukubali humo, na karani alinung'unika kwa siku kadhaa. Hiyo ni bei yake, nasi hatuifichi.

Tena wako ndugu zetu wa mijini wanaotuma milimani mashine zisizowaka kabisa, wakapiga picha ya makabidhiano, wakaita sadaka. Katika stoo moja wilayani Kasulu tuliziona zimepangwa mpaka darini. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za takataka za vyombo vya umeme, na chini ya robo yake ndiyo iliyojulikana kukusanywa na kushughulikiwa ipasavyo. Anayempa maskini maiti ya mashine amempa kazi ya kuizika.

Wilayani humo humo iko kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita, wengi wao kutoka Kivu ya Kusini. Nchi ya Kivu ndiko linakochimbwa bati, na koltani itoayo tantali, madini ambayo huingia katika vyombo vya namna hii duniani kote. Na vita vya huko vimelishwa, pamoja na mambo mengine, na biashara hiyo. Kila mashine inayotupwa kabla ya wakati wake huagiza nyingine, na nyingine huagiza udongo. Tukilikumbuka hilo, neno “kuukuu” huwa zito mdomoni.

Kabla ya kukifunga kifuniko, fundi aliomba kalamu. Alibandika upande wa ndani kipande cha karatasi, akaandika tarehe ya betri, aina ya diski, na onyo kwamba skrubu moja ya nyuma imelika, ifunguliwe polepole. Karani alimwuliza anamwandikia nani, maana fundi mwingine hapo mjini alikuwa hamjui. Akasema naye hamjui.