Stahili na Bahati: Zamu Sita za Marvan Atapattu

Marvan Atapattu wa Sri Lanka aliingia katika kriketi ya Testi, ile ya mechi za siku tano baina ya mataifa, mjini Chandigarh, India, Novemba 1990, siku moja baada ya kutimiza miaka 20. Zamu yake ya kwanza ya kupiga ilikwisha bila mkimbio hata mmoja. Ya pili hali kadhalika. Akaachwa. Agosti 1992 akaitwa Colombo kuikabili Australia: sifuri, kisha mkimbio mmoja. Akaachwa tena. Mapema 1994, huko Ahmedabad: sifuri, sifuri. Ikapita miaka mingine mitatu hadi wateuzi walipomrudisha kikosini, Machi 1997, nchini New Zealand. Novemba mwaka huohuo, huko Mohali, pembeni mwa Chandigarh ileile, alifikisha mikimbio mia kwa mara ya kwanza. Alipostaafu mwaka 2007 alikuwa amecheza mechi 90, ana mikimbio 5,502, amevuka mia mbili katika zamu moja mara sita, na amewahi kuwa nahodha wa taifa lake.

Kisa hiki husimuliwa kwa vijana kama ushahidi kwamba mvumilivu hula mbivu. Usimulizi huo una nia njema, ila unaruka swali gumu lililomo ndani yake. Je, uvumilivu wa Atapattu ulipata uhalali wake kutokana na mikimbio iliyokuja baadaye? Lau wateuzi wasingemkumbuka mwaka 1997, au angeitwa na kuambulia sifuri nyingine, je, miaka yote ile ya mazoezi ingekuwa ujinga? Anayejibu ndiyo amekubali kwamba thamani ya mwenendo wa mtu hutegemea mambo yasiyo mikononi mwake. Anayejibu hapana anadaiwa maelezo: kama si matunda, ni nini basi kinachouhalalisha?

Kazi ya kupiga katika kriketi hulitia swali hili ukali usioonekana katika michezo mingi. Mrushaji akirusha mpira mbaya, hurudi nyuma akarusha mwingine. Mpigaji akikosea mara moja ametolewa, na huenda akakaa siku nzima akiwatazama wenzake. Mpira wa mwendo wa kilomita 140 kwa saa humfikia katika takriban nusu sekunde, na gongo lake haliruhusiwi kuzidi upana wa sentimita 10.8. Mpira ukigusa ukingo wa gongo, milimita chache ndizo zinazoamua kama atadakwa au ataokoka. Hata Donald Bradman wa Australia, ambaye wastani wake wa mikimbio 99.94 kwa kila kutolewa haujakaribiwa na yeyote aliyecheza miaka mingi, alitoka na sifuri mara saba katika zamu 80. Moja ya hizo ilikuwa zamu yake ya kuaga, katika uwanja wa Oval, London, Agosti 1948, alipohitaji mikimbio minne tu ili wastani ufike 100. Atapattu alipata sifuri 22 katika zamu 156. Msiba wake ni kwamba tano kati ya hizo zilitangulia mbele ya mengine yote, wakati ambapo hakuna mtu aliyekuwa na sababu ya kumvumilia.

Mechi ya Colombo ya mwaka 1992 yafaa kutazamwa kwa karibu. Sri Lanka ilifunga mikimbio 547 katika zamu ya kwanza. Romesh Kaluwitharana, akicheza Testi yake ya kwanza, alipata 132 bila kutolewa. Katika kiwanja hichohicho, mbele ya warushaji walewale, Atapattu alipata sifuri. Ni vigumu kudai kwamba pengo hilo lilikuwa pengo la juhudi. Wala halikuwa la kipaji, maana hatimaye Atapattu ndiye aliyefunga mikimbio mingi zaidi katika Testi kuliko Kaluwitharana, tena kwa mbali.

Upande wa pili wa kisa hiki hauna faraja. Februari 1948, mjini Port of Spain, Andy Ganteaume wa Trinidad aliichezea West Indies dhidi ya Uingereza. Alipata zamu moja, akafunga 112, akalaumiwa kwa kupiga polepole, na hakuchezeshwa Testi tena maisha yake yote. Wastani wake wa 112 unaupita ule wa Bradman. Mmoja alipata mkimbio mmoja katika zamu sita akapewa nafasi nyingine 150. Mwenzake alipata mia katika zamu moja akafungiwa mlango. Ikiwa Atapattu ni ushahidi kwamba subira hulipwa, basi Ganteaume ni ushahidi kwamba ufanisi haulipwi, na hapo hakuna kanuni tena.

Mwaka 1976 wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel walilifikisha tatizo hili mahali pake panapouma. Williams alitoa mfano wa mchoraji, akimwita Gauguin, anayeitelekeza familia yake ili afuate sanaa, akadai kwamba kinachoweza kuuhalalisha uamuzi huo ni kufanikiwa kwake tu. Na kufanikiwa hakujulikani siku ya kuamua. Nagel alionyesha jinsi bahati inavyoingia kila pahali: katika matokeo ya tendo, katika mazingira yanayomkuta mtu, hata katika tabia na vipaji alivyozaliwa navyo. Kila kimoja kikiondolewa, hubaki kidogo sana cha kusifiwa au kulaumiwa.

Dini zimelijua jambo hili kwa karne nyingi. Wanateolojia wa Kiislamu, Mu'tazila kwa upande mmoja na wafuasi wa al-Ash'ari kwa upande mwingine, walibishana kwa muda mrefu jinsi kitendo kinavyoweza kuwa cha mja ilhali kila kitu kiko katika uwezo wa Mungu. Wafuasi wa al-Ash'ari wakashika kwamba Mungu hukiumba kitendo na mja hukichuma. Sri Lanka yenyewe ni nchi ya Wabuddha wengi, na Ananda College ya Colombo, mojawapo ya shule alizosoma Atapattu, ilianzishwa mwaka 1886 kwa ajili ya elimu ya Kibuddha. Imani ya moyoni mwa mtu ni yake, lakini mafundisho ya mahali hapo yanagusa moja kwa moja maisha ya mpigaji. Maandiko ya Anguttara Nikaya hutaja hali nane zinazouzungusha ulimwengu: kupata na kukosa, sifa njema na sifa mbaya, kusifiwa na kulaumiwa, raha na maumivu. Zinamfika mwenye hekima na asiye nayo vilevile. Tofauti ni kwamba mwenye hekima anazijua kuwa za kupita, na moyo wake hautekwi nazo.

Wengi hudhani Ubuddha hueleza kila balaa kwa matendo ya zamani ya mtu. Sivyo. Katika mazungumzo yake na Sivaka, Buddha anataja sababu nane za yale yanayompata mtu, miongoni mwake hitilafu za mwili na mabadiliko ya majira, na matendo ya zamani ni moja tu ya hizo. Kwa hiyo hakuna ruhusa ya kusema kwamba aliyepata sifuri tano alistahili sifuri tano.

Hapa ndipo Williams anapopaswa kukataliwa, angalau kwa mtu wa aina ya Atapattu. Mchoraji yule aliwatwika wengine gharama ya ndoto yake, na pengine ndiyo maana hoja yake inahitaji ushindi wa baadaye kuwa wakili. Atapattu hakumdhulumu mtu. Alirudi katika klabu yake, Sinhalese Sports Club, akaendelea kufunga mikimbio katika mechi za nyumbani, akajibu kila mpira kama ulivyokuja. Mwenendo huo ulikuwa sahihi mwaka 1994, wakati ambapo hakuna aliyejua yajayo, na ungebaki sahihi hata kama simu ya wateuzi isingelia kamwe. Ushindi wa baadaye uliongeza furaha, haukuongeza usahihi.

Hata hivyo mashaka hayakuisha mwaka 1997. Februari 2003 alikuwa katika kikosi kilichoshindwa na Kenya jijini Nairobi, kwa mikimbio 53, katika Kombe la Dunia. Mwaka 2007 alipelekwa Kombe la Dunia huko West Indies bila kuchezeshwa mechi hata moja. Novemba mwaka huo, akiwa ziarani Australia, aliwashambulia wateuzi kwa maneno hadharani, na baada ya mechi ya Hobart, ambako alifunga 80 katika zamu yake ya mwisho, akastaafu.

Wapo walioona hasira hiyo kama dosari katika sifa yake ya subira. Lakini mambo hayo mawili hayafanani. Mpira unaogusa ukingo wa gongo hauna wa kuulizwa. Uamuzi wa kumwacha mchezaji nje una wenyewe, na wenyewe wana wajibu wa kutoa sababu. Utulivu wa moyo unaofundishwa katika Ubuddha haumtaki mtu anyamaze mbele ya dhuluma. Dai la maelezo lilikuwa halali. Ambacho mafundisho hayo yangekikataa ni ukali wa maneno, kwani kauli kali ni mojawapo ya kauli nne ambazo mfuasi huaswa kuziepuka, pamoja na uongo, fitina na porojo.