Ujira wa Pitseolak

Pitseolak Ashoona, mchoraji wa Kiinuit wa Kinngait karibu na Kisiwa cha Baffin, kaskazini mwa Kanada, hakuwahi kuficha sababu iliyomfanya ashike penseli. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1971, alichomsimulia mwandishi Dorothy Eber kupitia wakalimani, anaeleza waziwazi kwamba alisikia James Houston, msanii Mkanada aliyefanya kazi Kinngait, ananunua michoro, naye akatafuta karatasi, akachora, akalipwa. Hasemi kwamba aliitwa na ndoto wala kutumwa na pepo. Alikuwa mjane mwenye watoto wa kulisha, na kabla ya hapo alikuwa akishona nguo zenye nakshi za kuuza. Maelezo manyofu kama hayo yanazua swali ambalo wanafalsafa wamelizungumza kwa muda mrefu: kazi iliyoanzishwa na haja ya fedha yaweza kuwa sanaa ya kweli, au ni kibarua kilichorembwa?

Immanuel Kant alilijibu swali hili mwaka 1790 kwa kutenganisha mambo mawili. Sanaa, kwa maoni yake, ni kazi huru inayopendeza yenyewe kama mchezo. Ufundi wa kulipwa ni kazi inayochosha, na kinachomvuta mtu kuifanya ni ujira tu. Hoja hiyo ina nguvu, na si ya Wazungu peke yao, kwani kila mahali watu humshuku mtu anayetoza fedha kwa jambo wanaloliona takatifu. Lakini uzito wote wa hoja umebebwa na lile neno “tu”. Kant anachukulia kwamba ujira ukiingia kwa mlango mmoja, mapenzi ya kazi hutoka kwa mwingine. Jambo hilo halithibitiki kwa kufikiri peke yake. Linahitaji kupimwa kwa maisha ya watu waliofanya kazi hiyo, na sijui maisha yanayolipima vizuri kuliko ya Bi Pitseolak.

Alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 20 katika Kisiwa cha Nottingham, wazazi wake wakiwa safarini kutoka kaskazini mwa Quebec kuelekea Baffin. Aliolewa na Ashoona, mwindaji hodari, akawa anahama naye kutoka kambi hadi kambi kufuata wanyama. Alizaa watoto 17, na wengi wao hawakufika utu uzima. Mumewe alipofariki kwa maradhi, njaa iliingia nyumbani. Mwanamke aliyepitia hayo anapoambiwa kwamba picha zake zingekuwa safi zaidi kama asingezidai bei, anaambiwa jambo ambalo ni wenye shibe tu wanaoweza kulitamka. Katika hali yake, riziki ya halali haikuwa kitu cha chini kinachoichafua kazi ya juu. Ilikuwa ndiyo heshima yenyewe, kwani ilimwezesha kusimama kwa mikono yake bila kusubiri huruma ya mtu.

Na mapenzi ya kazi hayakukimbia. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1950 hadi kifo chake mwaka 1983 alichora zaidi ya michoro 7,000, kwanza kwa penseli ya kawaida, baadaye kwa kalamu za rangi zinazong’aa. Ushirika wa Kinngait, ambao Wainuit wenyewe ni wanachama wake, ulikuwa unanunua michoro hiyo, kisha michache ikateuliwa, na mafundi wakaichonga juu ya jiwe na kuichapa karatasini kwa idadi yenye kikomo. Michoro yake iliyopata kuchapwa ni mia mbili na kitu. Mtu anayetafuta fedha peke yake angegundua upesi picha inayouzika na kuirudia. Yeye aliendelea kutafuta: mishono ya koti, namna hema la ngozi linavyofungwa, ndege, majitu ya hadithi za kale, wanawake wakicheza na watoto wao. Alikiri kwamba kuchora ni kazi ngumu kwa sababu lazima kwanza ufikiri, akaongeza kwamba inampa furaha, na kwamba angetamani hata kaburi lisimkatishe. Ugumu, malipo na furaha vimekaa pamoja katika maisha ya mtu mmoja, na mgawanyo wa Kant hauna pa kumweka. Waswahili wanaosema mcheza kwao hutunzwa hawatashangazwa na hilo.

Kuna pingamizi kali zaidi. Anayelipa huagiza, na Pitseolak mwenyewe anasimulia kwamba Houston alimtaka achore maisha ya zamani. Wanunuzi wa kusini mwa Kanada walitaka theluji na mbwa wa kuvuta sleji. Hawakutaka ndege za abiria na nyumba za serikali. Hatari hiyo ni ya kweli na siwezi kuipuuza. Soko laweza kumfanya msanii awe mlinzi wa makumbusho ya watu wake mwenyewe. Hata hivyo, agizo lilitaja mada, halikutaja atakachokiona ndani yake. Maisha ya zamani yaliyotakiwa na Houston yalikuwa, kwa mwanamke huyu, ujana wake, ndoa yake na watoto aliowazika. Hakuna mnunuzi aliyeweza kumwagiza akumbuke jinsi sindano inavyopita katika ngozi ya sili. Wachoraji wa makanisa ya Ulaya nao walipewa mada na mikataba ya malipo, na hatusemi kwamba imani haikuwamo katika kuta zile.

Linabaki shtaka kwamba aliacha mengi nje. Katika picha zake njaa na msiba havionekani sana, na huenda soko lilichangia ukimya huo. Lakini aliyaeleza katika kitabu, ambacho nacho kiliuzwa, na familia yake ikaendelea pale alipoishia. Binti yake Napachie Pootoogook alichora njaa na wanawake walioozwa kwa nguvu. Mjukuu wake Annie Pootoogook alichora televisheni, pombe na kipigo ndani ya nyumba za Kinngait za wakati wake, na mwaka 2006 akashinda Tuzo ya Sobey, mojawapo ya tuzo kubwa za sanaa nchini Kanada. Kama fedha ndizo zilizokuwa zikiufunga mdomo ukweli, michoro hiyo isingezaliwa, kwa maana ilitoka katika ushirika uleule, na Annie alilipwa kwa kila mmoja.