Je, Bidii ya Watu Hutoka Katika Damu?

Katika soko la Mpanda, siku za mavuno, tumesikia mara nyingi watu wakisema kwamba Mrundi na jembe ni kitu kimoja. Asemaye hivyo adhani amesifu. Aona magunia ya mahindi na maharage yatokayo Katumba, aona na tumbaku ya Mishamo, naye akata shauri papo hapo kwamba watu hao wameumbwa na bidii, kama vile ng'ombe alivyoumbwa na pembe. Lakini akiwapo mtu aliyekaa Kigoma, huyo hucheka na kusema, "Sivyo. Warundi niwajuao mimi ni watu wa uchuuzi. Jembe hawalitaki, utawakuta na dagaa, na chumvi, na kijimeza cha biashara mlangoni." Basi wawili hao hushindana mpaka jua kuchwa, na kila mmoja ana mashahidi wake.

Sisi tumeona yafaa kulipima neno hili, maana twafundisha watoto wa nyumba hizo, na neno lisemwalo sokoni hufika darasani kabla ya kengele.

Habari yenyewe ni hii. Mwishoni mwa Aprili 1972 palitokea maasi kusini mwa Burundi, kando ya ziwa, na serikali ya Micombero ikalipiza kisasi kwa kuwaua Wahutu wengi mno, hasa waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi, hata watumishi wa dini. Waliookoka walikimbia na watoto mgongoni, na wengi wakaingia Kigoma. Hapo njia zikagawanyika. Wengi wao walichukuliwa mbali na mpaka, wakawekwa katika misitu ya miombo yenye mbung'o: Ulyankulu upande wa Tabora, tangu 1972, Katumba karibu na Mpanda, tangu 1973, na Mishamo tangu 1978. Lakini wengine, waliokuwa na rafiki au jamaa, au waliojificha tu, walibaki Kigoma mjini, na Ujiji, na katika vijiji vya upande ule.

Basi angalieni, wasomaji wetu. Hawa si makabila mawili. Ni watu wa lugha moja, wa maafa yale yale, wa mwaka ule ule. Mara nyingine ni watoto wa tumbo moja. Tunawajua wazee wawili, ndugu, waliotenganishwa hivyo. Mkubwa ni mtu wa Katumba, mdogo ni mtu wa Ujiji. Kama bidii ingalikuwa katika damu, wawili hao wangalifanana mpaka leo. Nao hawafanani hata katika namna ya kushika kikombe.

Tuanze na huyu wa msituni. Alipofika hakukuta nyumba wala njia. Alipewa jembe na shoka na chakula cha kumtunza mpaka avune, akaonyeshwa mahali, akaambiwa, Hapa ndipo pako. Kule Mishamo, ambako nchi iliyotengwa ilikuwa kilomita za mraba 2,050, na vijiji 16, kila nyumba ilipimiwa hekta 5, yaani zaidi ya ekari 12. Wangapi kati yetu tulirithi ekari 12? Visima vilichimbwa, shule na zahanati zikajengwa, na shirika la Kikristo la kuwahudumia wakimbizi, ambalo Walutheri walilianzisha mwaka 1964, lilifanya kazi pamoja na serikali na Umoja wa Mataifa. Nao wenyewe waliikata miti, wakaifukuza mbung'o kwa jasho lao, wakajenga mabani ya kukaushia tumbaku. Katumba ilihesabiwa kuwa yajitegemea mwaka 1978, Mishamo mwaka 1985, na misaada ya ugenini ikaondolewa. Hiyo ni miaka michache sana kwa watu waliofika mikono mitupu.

Walakini hekta zile zilikuwa na mpaka, na mpaka ule ulikuwa na mlinzi. Kwa sheria iliyotungwa mwaka 1965, mkimbizi alipaswa kukaa alipowekwa. Akitaka kwenda Mpanda kuuguza jamaa yake, au kutafuta bei njema, sharti aombe kibali cha mkuu wa makazi, na kibali kina siku zake. Mtu wa namna hii atafanya nini kama si kulima? Mlango wa kazi umefungwa, mlango wa biashara ya mbali umefungwa, mlango wa shamba peke yake u wazi. Twamsifu kwa kuwa amepita mlango huo kwa nguvu, wala hatuulizi habari za milango mingine.

Sasa yule wa Ujiji. Yeye hakupewa jembe, wala shoka, wala hatua moja ya ardhi. Alilala barazani kwa watu. Alibeba mizigo, akachuuza, akashona, akajifunza kuvua usiku kwa taa. Hakuwa na mlinzi wa kumwuliza kibali, kwa sharti moja, kwamba asijulikane kuwa mkimbizi. Kwa hiyo alijifunza Kiswahili cha pwani ya ziwa mpaka kikamwenea kama nguo yake, akaoa mke wa pale pale, na watu walipomwuliza kabila alijibu kwa namna iliyofaa siku hiyo. Tena aliingia dini ya majirani zake, akapata jina lingine. Wako wasomaji watakaolikunjia uso jambo hili, nasi hatusemi kwamba halituumi. Lakini yeyote kati yetu ambaye hakupata kulala barazani kwa mtu, na kula ugali wake miezi mitatu, asiwe mwepesi wa kuhukumu.

Yuko mwanamke mmoja mtaalamu wa mila za watu, jina lake Liisa Malkki, aliyekaa kati ya watu hao Mishamo na Kigoma katika miaka ya 1985 na 1986, akatoa kitabu mwaka 1995. Alikuta tofauti hii hii, wala si ya mfuko tu, bali ya moyo. Wa Mishamo, kwa kuwa walikaa pamoja na kuhesabiwa pamoja, walisimuliana habari za 1972 tena na tena, hata wakajiona kuwa taifa moja lililo uhamishoni, lingojalo kurudi. Wa mjini hawakutaka kubeba jina moja. Walitaka kuishi. Na wa makazini waliwaona wale wa mjini kuwa watu waliopotea.

Sisi twaisoma habari hii tukikumbuka Wayahudi waliochukuliwa Babeli. Hata wao walikuwa na mashauri mawili, kungoja au kukaa, na nabii Yeremia akawapelekea barua kuwaambia wajenge nyumba, wapande bustani, wauombee mema mji ule ule uliowateka. Twadhani mtu wa Katumba alilitii neno hilo kwa mikono yake kabla ya moyo wake kulikubali, na mtu wa Ujiji alilitii kwa ulimi wake. Lakini tusiende mbali na soko letu.

Mtu atasema, "Vema, basi nani amefanikiwa?" Hapa ndipo pagumu, maana kipimo chenyewe chageuka mkononi. Ukipima kwa gunia, wa makazini amemshinda wa mjini mbali sana. Ukipima kwa uhuru wa miguu, wa mjini alikuwa tajiri na mwenzake alikuwa maskini. Watoto wa makazini walipata shule karibu. Watoto wa mjini walipata rafiki wa kila kabila. Kisha kikaja kipimo cha tatu, ambacho hakuna aliyekitazamia, nacho ni karatasi.

Mwaka 2007 serikali ya Tanzania ilianza kuwahesabu watu wa makazi yale matatu, wapatao 218,000, na kuwauliza kama wataka kurudi Burundi au kuwa raia hapa. Katika kila watu watano wanne walichagua kubaki, na mwaka 2010 maombi ya watu 162,000 hivi yakakubaliwa. Jambo kubwa kama hilo si rahisi kuliona mahali pengine duniani, na nchi yetu yastahili kusifiwa kwalo. Lakini hati zenyewe hazikutolewa upesi, maana kwanza iliagizwa kwamba raia hao wapya wayaache makazi na kutawanywa katika mikoa mingine. Fikirini miaka ile. Mtu amekubaliwa kuwa raia, lakini hana hati. Ana nyumba, lakini ameambiwa ataihama. Nani atapanda mwembe? Nani ataezeka upya? Jirani apitaye na kuona paa limeoza husema, "Kumbe watu hawa wamekuwa wavivu." Damu ile ile iliyosifiwa sokoni jana leo yalaumiwa! Baadaye shauri la kuwatawanya liliachwa, na mwezi wa Oktoba 2014 Rais Kikwete akaanza kutoa hati.

Na yule wa Kigoma? Watu wapatao 22,000 wa mwaka 1972, waliokaa vijijini mkoani Kigoma, hawakuingizwa katika hesabu ile ya kwanza ya uraia. Kule kutojulikana kulikomfungulia njia miaka yote, siku ya kuandikwa kulimfungia mlango. Na aliyefungwa miaka yote kwa kuwa jina lake liko katika orodha, orodha ile ile ikamfanya raia.

Tena wako watu wa Mwese, milimani, katika mkoa wetu huu huu. Hao ni Wanyarwanda waliowekwa huko katika miaka ya 1960. Wao waliahidiwa uraia mwaka 1980 pamoja na Wanyarwanda wengine, jumla watu 36,000. Akaaye Mwese ameungojea uraia miaka isiyotimia ishirini. Akaaye Katumba ameungojea miaka arobaini na zaidi. Wawekwapo mizanini pamoja, ni nani atakayekumbuka kuiondoa kwanza miaka hiyo?

Hapa msomaji mwenye fikira atatushika. Atasema, "Mwalimu, ukisema kwamba yote yatoka katika ardhi na kibali na karatasi, umemwondolea mtu nafsi yake. Je, mvivu hana kosa? Je, mwenye bidii hana sifa?" Swali hili ni la haki, nasi limetukosesha usingizi. Maana Katumba kwenyewe wako waliopewa shamba sawasawa, mmoja akajenga nyumba ya matofali, mwenziwe akanywa shamba lote katika pombe. Haki ya kusema "huyu amefanya, huyu hakufanya" haijaondoka. Lakini haki hiyo twaipata tukiwalinganisha waliopewa sawasawa, wala si tukilinganisha hekta tano na baraza la mtu. Bwana wa mfano ule wa talanta alijua ni ngapi alizompa kila mtumwa kabla hajadai hesabu. Sisi twadai hesabu, wala hatujui tulitoa ngapi. Mara nyingi hatukutoa hata moja.

Twakiri kwamba sisi walimu ndio wa kwanza katika kosa hili. Twamwita mtoto mzito wa kichwa kabla hatujauliza kama jana alikula. Tumepata kusikia katika chumba cha walimu mtu akisema watoto wa makazini ni wazuri kwa kazi za mikono, basi washike majembe ya bustani wakati wengine wakisoma. Alisema kwa upole, kama mtu atoaye zawadi. Mtoto aliyezaliwa Katumba, ambaye baba yake alizaliwa Katumba, akapewa jembe tena, kwa sifa ya babu yake. Nasi tulinyamaza siku ile, jambo ambalo latutia haya mpaka leo. Laiti angalitukanwa, mtu angalimtetea. Lakini alisifiwa, basi ni nani amteteaye mtu juu ya sifa?

Wale wazee wawili tuliowataja tuliwaona pamoja mwaka jana, msibani. Dada yao alikuwa amefariki huku Katumba, na yule mdogo akaja kutoka Ujiji. Baada ya maziko, iliyoongozwa na mwinjilisti wetu huku mgeni amesimama kimya na kofia yake ya kiswahili kichwani, walikaa chini ya mwembe aliopanda yule mkubwa. Mkubwa alimwonyesha mdogo mipaka ya shamba, na bani la zamani, na hati yake ya uraia ndani ya mfuko wa nailoni. Mdogo alitazama yote, akasifu. Alipoondoka tulimsindikiza mpaka barabarani, naye akatuambia, "Maskini kaka yangu. Maisha yake yote mahali pamoja." Tukarudi, tukamkuta mkubwa bado yu chini ya mwembe, aikunja hati yake polepole. Akasema, "Namhurumia mdogo wangu, mwalimu. Amezeeka, hana hata mti."