Unakimbia kwa Ajili ya Nani?

Somo: 1 Wakorintho 9:19–27

Saa kumi na moja alfajiri, baridi ya Kitale humfanya mtu ajifunike blanketi hadi kichwani. Jumatatu nilivaa raba nikatoka kukimbia. Jumanne nikatoka tena. Jumatano kulinyesha, nikajihurumia. Wiki ya pili raba zilikuwa zimeshika vumbi.

Paulo aliwaandikia watu waliozijua mbio. Karibu na Korintho kulikuwa na michezo ya Isthmia, na mshindi alivikwa taji la majani ya msonobari. Majani hukauka, lakini wanariadha walijinyima mengi wayapate. Paulo anasema yeye hakimbii ovyo. Mwili wake anautiisha. Kwa nini? Jibu liko mistari michache nyuma: amejifanya mtumwa wa wote ili awavute wengi kwa Kristo. Mwili anauzoeza kwa sababu wapo watu wanaouhitaji.

Mlima Elgon ulitupa mkimbiaji wa namna hiyo, Ben Jipcho. Mwaka 1968 huko Mexico, katika fainali ya Olimpiki ya mita 1500, alichomoka kwa kasi tangu mwanzo ili Jim Ryun wa Marekani, aliyesifika kwa mbio za mwisho, aachwe mbali. Mkenya mwenzake, Kipchoge Keino, akatwaa dhahabu. Jipcho alimaliza wa kumi, lakini hakukimbia ovyo: alijua anakimbia kwa ajili ya nani. Miaka minne baadaye, Munich, naye alipata medali ya fedha katika mita 3000 kuruka viunzi na maji.

Wako watakaokukumbusha 1 Timotheo 4:8, kwamba mazoezi ya mwili hufaa kidogo. Sawa, ila kidogo si bure. Kwa mama mwenye sukari kule Chwele, kidogo hicho huenda kikampa nguvu za kumbeba mjukuu. Kwa mzee wa kanisa pale Kanduyi, ni pumzi ya kupanda kilima akamwombee mgonjwa.

Ndugu yangu, ukingoja hamu ya mazoezi, utangoja sana. Tafuta jina la mtu mmoja anayeuhitaji mwili wako ukiwa mzima. Liandike kwenye karatasi, uiweke ndani ya raba usiku. Kesho hutaweza kuzivaa bila kulisoma.

Sala: Bwana, mwili huu ni wako, na watu hawa ni wako. Niamshe kwa ajili yao. Amina.